Fumbo Lililokosa Sharti

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mpaka leo watu wa kijiji chetu, Mkotokuyana, wanamwita Mwalimu ingawa alistaafu zamani. Nyumbani hakutufundisha hesabu za darasani. Alitupa chemshabongo. Tukiwa tumekaa barazani tunapukuchua mahindi, mimi na kaka yangu, yeye huanza tu bila kutuonya, na mikono yetu inaendelea na kazi huku vichwa vinahangaika.

Fumbo la kwanza ninalolikumbuka ni la magunia. Ghalani kuna magunia matatu: moja la ufuta, moja la mbaazi, na moja limechanganywa ufuta na mbaazi. Kila gunia limeandikwa kilichomo, lakini maandishi yote matatu ni ya uongo. Unaruhusiwa kuingiza mkono kwenye gunia moja tu, bila kuchungulia, utoe konzi moja. Utajuaje kilichomo katika yote?

Kaka alijibu papo hapo, "La ufuta!"

"Kwa nini?"

"Basi tu, naona ni hilo."

"Kubahatisha waachie wacheza kamari," baba alisema. "Mimi sitaki jibu. Nataka njia uliyopita."

Njia niliiona kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya bomba. Unaingiza mkono kwenye gunia lililoandikwa mchanganyiko. Kwa kuwa maandishi ni ya uongo, humo hamjachanganywa kitu, kwa hiyo chochote utakachotoa ndicho kilichojaa humo. Ukitoa ufuta, hilo ni la ufuta. Lililoandikwa mbaazi haliwezi kuwa la mbaazi, na la ufuta limeshapatikana, basi lina mchanganyiko. Linalobaki ni la mbaazi. Niliacha ndoo kwenye foleni nikakimbia nyumbani kumweleza. Hakunisifu. Alisema, "Na ndoo iko wapi?" Lakini nilimwona akigeuka upande ili nisione anavyotabasamu.

Nilipokua nikawa mwalimu kama yeye, nikapangiwa Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Kaka alikwenda Dar es Salaam. Chemshabongo zikahamia kwenye simu. Kila Jumapili, akishaswali Magharibi, baba hunipigia. Nikishamwamkia na yeye kuitikia marahaba, ananiuliza jibu la wiki iliyopita, nikieleza ananipa fumbo jingine. Habari za nyumbani aliziacha kwa mama. Kuna watu wazima wangeona ni mchezo wa kitoto. Mimi niliishi nao kama wengine wanavyoishi na chai ya asubuhi.

Mwaka mmoja, mbaazi zilipoanza kukaukia shambani, alinipa fumbo la wanawake watatu.

"Wanawake watatu wanatoka gulioni Chunyu," alisema. "Mmoja kavaa khanga nyekundu, mmoja ya bluu, mmoja ya njano. Mmoja kabeba ufuta, mmoja mbaazi, mmoja mihogo. Mwenye khanga nyekundu hakubeba ufuta. Mwenye bluu naye hakubeba ufuta. Nani kabeba mihogo?"

Nilisubiri aendelee.

"Hayo tu, baba?"

"Hayo tu. Yanatosha."

Nilianza kulifikiria kabla sijaweka simu chini. Wa nyekundu hana ufuta, wa bluu hana ufuta, kwa hiyo ufuta anao wa njano. Hapo hakuna ubishi. Lakini wale wawili waliobaki, mmoja ana mbaazi na mmoja ana mihogo, na hakuna neno hata moja linalosema yupi ni yupi. Nikajua kuna mtego. Baba alikuwa fundi wa kuficha kitu ndani ya maneno. Labda siri iko kwenye gulio la Chunyu. Labda mihogo haibebwi kutoka gulioni bali inapelekwa. Labda kuna mmoja si mwanamke wa kubeba kitu kichwani. Nilisahihisha madaftari huku nawafikiria wale wanawake. Nilipika huku nawafikiria. Katikati ya wiki nilianza kuwachukia.

Siku zilivyokaribia Jumapili nikawa naogopa simu yenyewe. Sikuwahi kumwambia baba kuwa nimeshindwa bila angalau kuwa na nusu ya njia. Niliona aibu ya mtoto wa darasa la nne, mimi mwenye watoto wa watu ninaowafundisha.

Alipopiga nikamwambia ukweli. "Baba, nimefika kwa mwenye njano. Hapo mbele nimekwama. Naona wote wawili wanaweza kuwa na mihogo."

"Ni wa bluu," alisema.

"Kwa nini wa bluu?"

"Kwa sababu nilikwambia..." Nilisikia kuku upande wake, na redio ya jirani. "Nilikwambia kwamba wa nyekundu..."

"Uliniambia hakubeba ufuta."

"Na mihogo!" alisema kwa sauti ya juu. "Nilikwambia hakubeba ufuta wala mihogo. Wewe husikilizi siku hizi. Mnapokea simu huku mnafanya mambo mengine."

Akakata. Baba yangu hakuwa amewahi kunikatia simu.

Nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa na uhakika na nilichosikia, maana nililirudia lile fumbo moyoni wiki nzima, neno kwa neno. Sharti moja halikutamkwa. Mtu aliyetufundisha kwamba fumbo lisilo na masharti kamili ni uongo alikuwa amenipa fumbo lenye pengo, na hakujua. Hofu ya kushindwa ikaondoka, ikaja nyingine ambayo sikuitaka.

Kesho yake nilimpigia mama wakati najua baba yuko msikitini.

"Mama, baba anaendeleaje?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

Mama akiwa na wasiwasi hurudi kwenye Kimwera, na alirudi. Alisema baba analalamika kichwa, anakunywa dawa za dukani. Juzi aliswali Adhuhuri mara mbili, na alipokumbushwa alikasirika. Tena anavuta mguu kidogo, kandambili yake moja hubaki njiani, naye anaendelea kutembea peku bila kuhisi.

"Kandambili ya mguu gani?"

"Sasa ya mguu gani inahusu nini?"

Sikujua inahusu nini. Niliuliza tu kwa sababu nililelewa kuuliza hivyo.

Nikampigia kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akashusha pumzi. "Dada, mzee amezeeka. Wote tutafika huko. Usianze kujitisha."

"Likizo ya Juni nilikuwa naye. Alinishinda mafumbo yote, mbele ya wageni."

"Uzee hauji na taarifa."

Nilitaka kumwamini. Nilijaribu, siku ile na iliyofuata. Lakini darasani nilikuwa nasimama mbele ya ubao nimeshika chaki, watoto wananingoja. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa. Hakuuliza mengi, aliniangalia usoni akasema nenda.

Nilitoka Mandawa kwa bodaboda asubuhi, vumbi jekundu likanipaka mpaka kope. Ruangwa nikapata gari la Nachingwea. Njia nzima nilifanya kile nilichokatazwa utotoni: kubahatisha. Nilijiambia ni malaria. Nilijiambia ni presha. Nilijiambia kaka anasema kweli, na baba atakuwa hivi, kisha zaidi ya hivi, mpaka siku ataniuliza mimi ni nani. Nikalia kidogo nimegeukia dirishani, abiria mwenzangu akajifanya haoni.

Nilipofika Mkotokuyana, baba alikuwa amekaa barazani. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia kwa furaha, akaniita kwa jina la dada yake, marehemu shangazi. Mama aliyekuwa anapepeta mchele pale karibu akasimamisha ungo. Baba akajisahihisha haraka, akacheka, na sisi tukacheka.

Tulipokwisha kula mchana, mama akaenda kuosha vyombo. Nilikuwa nimepanga nimuulize kwa upole. Badala yake nikasema, "Baba, leo nakupa mimi. Kuna magunia matatu ghalani."

Akatabasamu. "Unampa mwenye nyumba chakula chake."

Nikalisema lote, polepole, pamoja na kwamba maandishi yote ni ya uongo. Alianza vizuri. Alisema unaingiza mkono kwenye lililoandikwa mchanganyiko, unatoa ufuta, tuseme. Kisha akaangalia mkono wake kana kwamba ule ufuta umo kiganjani. "Sasa hapo linaweza kuwa la ufuta, au linaweza kuwa mchanganyiko. Huwezi kujua."

"Maandishi ni ya uongo, baba."

"Nani amesema?"

"Nimesema mimi. Sasa hivi."

Alitazama miembe ya jirani, na mimi nikatazama miguu yake. Mguu wa kushoto haukuwa na kandambili. Ilikuwa pale kwenye ngazi ya baraza, imegeuka juu chini.

"Unanipima," alisema.

Nilitamani kusema hapana. "Ndiyo, baba."

"Mama yako anajua?"

"Anajua kuna kitu."

Akateremsha sauti. Alisema tangu wiki kadhaa zilizopita, akitoka kuswali Alfajiri, hukaa kitandani akajiuliza maswali: majina ya vijiji kutoka hapa hadi Nachingwea, majina ya walimu aliofanya nao kazi. Zamani yalikuja yenyewe. Sasa kuna mahali anafika anakuta hakuna kitu. "Kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo," alisema. Alinipa lile fumbo la wanawake ili kujionyesha bado ni mzima. Aliponikatia simu alilirudia, akagundua kuwa hana uhakika alisema nini. Ndipo akaogopa.

Sikuwahi kumsikia baba yangu akitamka neno hilo kuhusu yeye mwenyewe. Nilijikuta nimeshika mkono wake, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo.

"Basi nipime vizuri," alisema. "Usije ukabahatisha."

Nikamwita mama. Akaja akijifuta mikono, akakaa kwenye mkeka, uso wake umekaza kama anayengoja kusomewa hukumu. Nikasema tuanze na tunachojua. Mwezi wa sita akili ilikuwa kali, mimi ni shahidi. Sasa ni mwezi wa nane, haiko hivyo. Uzee haumalizi mtu hivyo kati ya mavuno ya mahindi na ya mbaazi. Na kama ni uzee, kwa nini mguu mmoja tu?

"Kila mara ni kandambili ya kushoto?" nilimuuliza mama.

Akafikiri. "Kila mara."

"Basi kati ya likizo yangu na leo kuna kitu kilitokea."

"Hakuna kilichotokea," mama alisema. "Ningekwambia."

"Baba?"

"Sikumbuki kitu."

Hapo nilikwama. Kisha nikaona nimeuliza vibaya. Mtu ukimuuliza kama kuna kitu kilitokea, anatafuta kitu kikubwa. Nikamwomba mama asinitafutie kitu. Anisimulie tu kazi walizofanya, moja baada ya nyingine, tangu nilipoondoka.

Akaanza. Walimaliza ufuta. Baba akaenda Nachingwea kufuatilia pensheni. Mgeni alikuja, akaondoka. Wakaanza kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, vijana wa mashine walikuja alfajiri kabla ya upepo, baba akawa anawaonyesha miti. "Siku hiyo ndiyo alirudi na kofia imechanika, nikaishona," mama alisema, akataka kuendelea na habari ya kunguru waliokula vifaranga.

"Imechanikaje?"

"Tawi. Alisema ni tawi."

Baba akainua mkono polepole, akagusa kichwa chake juu ya sikio la kulia. "Nilijigonga," alisema. "Nilikuwa nimeinama kutoka chini ya mkorosho, nikanyanyuka ghafla. Nilikaa chini kidogo. Lakini hapakutoka hata damu."

Mama akaweka mkono mdomoni.

Sikuwa na elimu ya kujua hiyo ina maana gani. Nilijua tu kwamba sasa tuna kitu cha kumwambia daktari zaidi ya "mzee anasahau". Asubuhi tulimpeleka hospitali ya Nachingwea. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. Nilimweleza kwa mpangilio: mwezi wa sita akili kali, kisha kichwa kugongwa, kisha maumivu, kusahau, mguu wa kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Haikuhitajika. Alimwambia baba anyooshe mikono yote miwili mbele na afumbe macho. Sote tuliona mkono wa kushoto ukishuka taratibu, kama mtoto anayesinzia. Baba mwenyewe alidhani yote miwili iko juu.

"Mzee wangu, fumbua macho," daktari alisema.

Baba akafumbua. Alipouona mkono wake ulipo, aliupandisha tena.

Daktari alituambia kuwa mtu mzima akigongwa kichwa, hata kidogo, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa wiki nyingi, ikabana ubongo. Inaweza kuwa hivyo, au kitu kingine. Ili kujua lazima apigwe picha ya kichwa kwa mashine ambayo pale hawana. Twende Mtwara, na tusingoje wiki ijayo.

"Ikiwa ni hiyo, inatibika?" niliuliza.

"Ikiwa ni hiyo, mara nyingi ndiyo."

Niliyashika yale maneno "mara nyingi" nikayageuza kila upande, kutoka Nachingwea, tukapita Masasi, mpaka tunaingia Mtwara. Baba alilala njia nzima, usingizi mzito ambao haukunipendeza. Kila baada ya muda nilimwamsha kwa kisingizio cha maji. Mara moja aliamka akazungumza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kuhusu kengele ya shule. Mama alikuwa anasoma dua kimyakimya.

Ilikuwa damu. Kaka alifika kutoka Dar wakati wanamwandaa baba kwa upasuaji. Alinikuta kwenye benchi la nje ya chumba, akakaa pembeni yangu, mfuko wa safari bado uko begani.

"Nilisema ni uzee," alisema.

"Hata mimi nilitaka iwe uzee. Ungekuwa hautuharakishi."

"Watamtoboa kichwa?"

"Watatoboa tundu dogo, damu itoke."

Tulikaa. Mlango ulipofunguka kila mtu kwenye benchi alinyanyua shingo, na kila mara alitoka mtu na beseni au na karatasi, si kwa ajili yetu. Nilijaribu kujiwekea fumbo ili akili ipate kazi, nikashindwa hata kuanza. Niliogopa kitu kimoja kuliko kifo: kwamba atatoka mzima wa mwili, halafu macho yake yaniangalie kama mgeni. Mama alisema tu, "Mungu hajalala," akaendelea kutazama ule mlango.

Daktari wa upasuaji alipotoka alikuwa anavua kofia. Alisema imekwenda vizuri. Mama alikaa chini sakafuni palepale.

Baba aliamka siku iliyofuata, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe. Muuguzi alimuuliza jina lake, akalitaja. Alimuuliza yuko wapi, akasema Lindi, kisha akasema hapana, Mtwara. Alimuuliza mimi ni nani. Alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Amekonda. Hali chakula?"

Nilitoka nje ya wodi nikasimama ukutani.

Hakurudi kama alivyokuwa, si yote. Mkono ulipata nguvu, mguu pia, ingawa mama amempiga marufuku kwenda shambani bila fimbo na bila mtu. Majina huchelewa. Akichoka hukasirika haraka, jambo ambalo hakuwa nalo. Jumapili hunipigia, na mara nyingi siku hizi anataka kuzungumza tu: mvua, korosho zimeangukaje, wajukuu wa kaka. Nikiona namba ya nyumbani inaita siku isiyo Jumapili, moyo unaruka kabla sijapokea, hata kama ni mama anauliza bei ya sukari huku kwetu.

Miezi michache baadaye nilimsindikiza Mtwara kwenye kliniki. Daktari alimchunguza, akamwambia anaendelea vizuri, arudi tena akiona dalili yoyote. Tulipanda basi la kurudi. Masasi baba alitaka kununua karanga, tukanunua, akala chache akalala, kichwa kimeegemea bega langu. Nilikaa wima nisimwamshe. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake, na zilipochelewa kidogo nami nilizuia zangu.

Karibu na Nachingwea alifumbua macho, akanikuta namtazama.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Hapana, baba. Naangalia njia."

"Njia iko huku mbele," alisema. "Na wewe lala kidogo."

Nilifumba macho ili aridhike, lakini sikulala.